Kubadilisha Kioo cha Mlango Kilichovunjika kwenye Land Cruiser V8: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali kuhusu vioo vya milango hurudi yale yale: kioo cha mlango wa mbele kimevunjwa usiku, begi limechukuliwa, na mwenye gari anataka kujua kama anaweza kuweka kioo kipya mwenyewe nyumbani au ni lazima alipeleke gari kwa fundi. Jibu ni kwamba anaweza, mradi awe na nusu siku isiyo na haraka, vifaa vichache na subira ya kutosha. Mwongozo huu unafuata Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 200, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2021, ambayo wengi wetu tunaiita V8 tu, kwa sababu ndiyo inayoulizwa mara nyingi zaidi. Mwenye Prado, Lexus LX au Range Rover atakuta mpangilio wa kazi ni ule ule, ingawa mahali pa skrubu na umbo la klipu vitatofautiana.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Kuingiza kioo kipya mlangoni ni kazi ya dakika chache. Kinachotenganisha kazi nzuri na mbaya ni jinsi ulivyotoa vipande vya kioo cha zamani, na jinsi ulivyorudisha nailoni ya kuzuia maji iliyo nyuma ya paneli. Magari mengi ambayo wenyewe hulalamika kwamba mlango unapiga kelele na zulia linalowa tangu kioo kibadilishwe huwa yana kioo kizima kabisa. Yaliyopuuzwa ni hayo mawili.

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha za gari kutoka pande zote, za mlango wenyewe na za ndani, kabla hujafagia hata kipande kimoja. Kama kioo kimevunjwa na wezi, toa taarifa polisi. Kama una bima kubwa, ijulishe kampuni yako kabla ya kununua chochote, kwa maana huenda ikataka kuliona gari likiwa katika hali ile ile, na kazi uliyoifanya kwa haraka inaweza kukunyima fidia.

Ikiwa kioo kipya hakitapatikana siku hiyo, funika dirisha kwa nailoni nene. Bandika selotepu kwenye rangi iliyofutwa ikakauka, na usiiache juani kwa siku nyingi, kwa sababu gundi ya selotepu ya kahawia ya kufungia maboksi huganda kwenye rangi na kuitoa huwa taabu. Selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi ni salama zaidi, ila haivumilii mvua.

Usiendeshe gari ukiwa umekalia kiti chenye vipande. Viti vya ngozi vya magari haya mara nyingi vina matundu madogo, na katika yale yenye feni ya kupoza kiti, chengachenga za kioo huzama humo. Ukikaa juu yake unaikwaruza ngozi na kuvisukuma vipande ndani zaidi.

Kukijua kioo unachokihitaji

Kwanza hakikisha kwamba kilichovunjika ni kioo kinachopanda na kushuka. Vioo vya pembeni vilivyo nyuma kabisa, karibu na viti vya safu ya 3, havishuki. Vimegandishwa kwenye bodi kwa gundi maalumu inayohitaji kukatwa, kusafishwa na kupakwa upya kwa utaratibu wake. Hiyo ni kazi nyingine, na mwongozo huu hauihusu.

Pili, ujue aina ya kioo. Aina ya kawaida ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika humwagika chote kwa pamoja kuwa punje ndogo zenye kingo butu. Aina ya pili ina tabaka 2 za kioo zilizounganishwa kwa utando wa plastiki katikati, na kikipigwa hupasuka lakini hubaki kimeshikamana. Baadhi ya magari ya kifahari huwekewa aina hii ya pili kwenye milango ya mbele ili kupunguza kelele za upepo. Soma muhuri ulio kwenye kona ya kioo cha mlango wa upande wa pili: utakuta neno TEMPERED kwa aina ya kwanza au LAMINATED kwa aina ya pili, pamoja na jina la mtengenezaji. Herufi E ndani ya duara ikiambatana na 43R huonyesha kwamba kioo kimeidhinishwa kwa kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa inayohusu vioo vya magari. Usichanganye aina hizi, kwa sababu unene wake ukitofautiana, raba za mfereji, yaani zile ambamo kingo za kioo huteleza kinapopanda na kushuka, zitakibana mno au zitakiacha kikicheza.

Tatu, agiza kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari peke yake. Gari moja lina matoleo mengi, na hitilafu ndogo ya mahali pa matundu ya bolti inatosha kukifanya kioo kisifae. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutoka kiwandani. Ukijaribu, kitamwagika chote mikononi mwako. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba kitarekebishwa kidogo kwenye ukingo, ondoka.

Nne, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha, usiagize kioo cha "upande wa dereva". Spea nyingi za mtumba za Land Cruiser hutoka Sharjah na Dubai, ambako dereva hukaa kushoto, ilhali magari ya Tanzania, Kenya na Uganda yana usukani kulia. Anayetuma kutoka Ghuba akisikia upande wa dereva atatuma kioo cha kushoto kwa uaminifu wote. Sema hivi: mlango wa mbele, kulia au kushoto, ukiwa umekaa ndani ya gari ukitazama mbele. Ukinunua Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, nenda na picha ya muhuri wa kioo cha upande wa pili, na ukague kingo zote za kioo unachopewa kwa kidole kilichovaa glavu. Ukingo uliomeguka, hata kwa kiasi cha punje ya mchele, ni sababu ya kukikataa, kwa kuwa kioo cha aina hii huanza kuvunjika kutokea ukingoni. Kioo cha mtumba si kibaya; ubaya ni ukingo uliomeguka na mikwaruzo ya wima iliyoachwa na mchanga.

Vifaa vya kuwa navyo

- Kioo kipya, kikiwa kimefungwa kwenye blanketi na kusimamishwa kwa ukingo wake juu ya kitu laini, si kulazwa sakafuni.
- Glavu nene, miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika vidole. Kwa kioo cha tabaka ongeza barakoa.
- Spana na soketi namba 10 pamoja na kirefusho chake, na bisibisi ya nyota na ya bapa.
- Seti ya vipande bapa vya plastiki vya kubandulia paneli. Bisibisi ya chuma itaacha alama kwenye plastiki laini ya paneli, na alama hiyo haifutiki.
- Klipu za akiba za paneli, angalau 5 au 6. Klipu za gari la miaka kumi na zaidi hukatika hata ukiwa mwangalifu.
- Mashine ya kufyonza vumbi yenye bomba jembamba.
- Selotepu ya karatasi, vitambaa safi, maji ya sabuni na dawa ya silikoni ya kupulizia.
- Gundi nyeusi ya mpira inayouzwa kama utepe, kwa ajili ya nailoni ya mlango.
- Kikombe au sahani zenye vigawanyo kwa ajili ya skrubu, na simu ya kupigia picha kila hatua.
- Mtu mmoja wa kukusaidia wakati wa kuingiza kioo.

Hatua za kazi

1. Egesha gari mahali tambarare penye kivuli, pasipo na upepo wa vumbi. Zima injini, ondoa ufunguo ndani ya gari na uuweke mfukoni. Fungua mlango unaofanyiwa kazi na uhakikishe una nafasi ya kufunguka wote.

2. Ondoa vipande vilivyo wazi ndani ya gari. Anza na vipande vikubwa kwa mkono wenye glavu, kisha fyonza kiti, reli za kiti, mahali pa kuchomeka mkanda, mfuko wa mlango, zulia na juu ya dashibodi. Usitumie hewa ya kompresa hata kama ipo karibu, kwa sababu hewa hiyo hurusha vipande machoni na kuvizamisha kwenye matundu ya kiyoyozi. Kwa sababu hiyo hiyo usiwashe feni ya kiyoyozi mpaka umalize kufyonza matundu yote ya dashibodi. Punje zilizonasa kwenye zulia hutoka vizuri kwa kubandika selotepu pana na kuibandua.

3. Ondoa temino hasi ya betri, kisha subiri. Kwa magari ya Toyota muda unaotakiwa ni sekunde 90 au zaidi, ili mfumo wa mifuko ya hewa upoteze umeme uliobaki ndani yake. Land Cruiser V8 nyingi za dizeli zina betri 2. Ondoa temino hasi za zote mbili, vinginevyo hujazima chochote. Kama redio ya gari lako inahitaji namba ya siri baada ya betri kuondolewa, hakikisha unayo kabla ya hatua hii.

4. Ondoa skrubu za paneli. Moja hukaa nyuma ya mshiko wa kufungulia mlango kwa ndani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Nyingine hukaa ndani ya mshiko wa kuvutia mlango, nayo imefichwa na kifuniko. Tazama pia ukingo wa chini na wa nyuma wa paneli. Ondoa kifuniko cha pembetatu kilicho upande wa ndani wa saitimira, ambacho hushikwa kwa klipu tu. Kama paneli haiachii, usiivute kwa nguvu: bado kuna skrubu hujaiona.

5. Bandua paneli. Ingiza kipande cha plastiki kati ya paneli na chuma kwenye kona ya chini, karibu kabisa na klipu, na uiachishe klipu moja baada ya nyingine ukizunguka pembeni. Klipu zote zikishaachia, paneli huinuliwa kwenda juu ili itoke kwenye ukingo wa dirisha ilikoning'inia. Usiirudishe nyuma kwa nguvu wakati huo, kwa kuwa bado imeunganishwa na nyaya za umeme na kebo za kufungulia mlango.

6. Piga picha nyuma ya paneli, kisha achanisha plagi za swichi na taa ya mlangoni kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta nyaya. Kebo za mshiko wa ndani hutolewa kwa kuachisha kishikio chake cha plastiki na kuichopoa ncha ya kebo. Weka alama kwa selotepu ipi ilikuwa juu na ipi chini, kwa sababu ukizibadilisha, mlango hautafunguka kwa ndani. Laza paneli mahali laini, uso wake ukiwa juu.

7. Bandua nailoni. Hii ni hatua ya kwenda polepole kuliko zote. Nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonyooka kama utomvu wa fenesi ukiivuta. Ivute kidogo kidogo kutoka kona moja ya juu huku ukiikata gundi kwa kipande bapa cha plastiki, ili gundi ibaki upande mmoja wa nailoni. Ikiwa gundi ni ngumu, jua la mchana au mashine ya kukaushia nywele itailainisha. Si lazima kuitoa yote. Ukiweza kuifungua vya kutosha kufikia matundu makubwa ya mlango, inatosha. Usiiguse sehemu yenye gundi kwa mikono yenye vumbi, na usiilaze chini. Wapo mafundi wanaoichana na kuitupa kwa madai kwamba haina kazi. Fundi akifanya hivyo kwenye gari lako, mwambie aitafute.

8. Safisha ndani ya mlango. Chunguza kwa tochi: utaona lundo la punje chini kabisa, nyingine zimekaa kwenye mikono ya mashine ya kioo, yaani ile inayokipandisha na kukishusha, na nyingine zimejibana kwenye raba za mfereji mbele na nyuma. Fyonza chini kwanza, kisha gonga mlango kwa kiganja kwa nje ili zilizobaki juu zianguke, halafu fyonza tena. Rudia mpaka ugonge na usisikie kitu. Pitisha kidole chenye glavu kwenye mfereji wote wa raba, kutoka juu hadi chini, kwa sababu punje moja iliyobaki humo itachora mstari kwenye kioo kipya siku ya kwanza kabisa. Mwisho, angalia matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini wa mlango na uyazibue, kwani ndiyo njia ya maji kutokea.

9. Ondoa mabaki ya kioo kwenye mashine. Kwa kuwa kioo huvunjwa kikiwa kimefungwa, mashine huwa imebaki juu, na bolti zake huenda hazionekani kupitia matundu ya kazi, yaani yale matundu makubwa ya mlango. Ukishakuwa na hakika kwamba hakuna kipande kilichobanwa kwenye mashine, hakikisha plagi za sensa zote za mlango zipo mahali pake, chomeka swichi ya dirisha, rudisha temino za betri, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, na ushushe mashine kwa vipindi vifupi mpaka bolti zionekane. Zima tena. Fungua bolti, ambazo kwa kawaida ni 2, na utoe kipande chochote kilichobaki kwenye vishikio. Weka vidole mbali na mashine kila wakati umeme unapokuwapo. Mota ya dirisha haitambui kidole.

Hapa nasisitiza onyo: usiwashe swichi ya gari kamwe ikiwa umechomoa plagi ya sensa ya mfuko wa hewa iliyo mlangoni. Mfumo utaihesabu kuwa hitilafu na kuwasha taa ya tahadhari, ambayo huenda isizimike mpaka gari lipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Sensa hiyo haina haja ya kuguswa katika kazi hii.

10. Linganisha kioo kipya na picha zako. Angalia mahali pa matundu, vishikio vya plastiki vilivyo chini, rangi ya kioo na upande wa muhuri. Muhuri husomeka ukiwa nje ya gari. Kifute kioo pande zote mbili, kisha ubandike selotepu ya karatasi kwenye ukingo wa dirisha wa mlango ili chuma kisikutane na kioo.

11. Ingiza kioo. Msaidizi asimame nje, wewe ndani. Kiinamishe kioo mbele, kishushe kupitia mwanya wa juu wa mlango kutoka upande wa nje wa fremu, kiingize ukingo wa nyuma kwenye mfereji wake, kisha kinyooshe mpaka ukingo wa mbele nao uingie. Gari zingine huhitaji kuanza na ukingo wa mbele. Kioo chenyewe kitakuonyesha, kwa maana njia sahihi haihitaji nguvu. Kikigoma, kitoe na uanze upya. Kukilazimisha ndiyo njia ya haraka ya kununua kioo cha pili.

12. Kishushe mpaka matundu yake yakutane na ya mashine, uingize bolti zote kwa mkono, na uzikaze kiasi cha kushika tu. Pandisha kioo kwa swichi hadi robo tatu ya safari yake, ukikisindikiza kwa viganja pande zote mbili, ili kijipange katika mifereji. Kishushe tena hadi bolti zionekane na sasa uzikaze kwa spana fupi, kwa nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Zile washa (viduara vinavyovaliwa na bolti) za plastiki au za mpira zilizokuwapo lazima zirudi mahali pake. Chuma kikigusana moja kwa moja na kioo, kitavunjika siku utakapofunga mlango kwa kishindo.

13. Pandisha na kushusha mara kadhaa kabla ya kurudisha chochote. Kioo kikipanda kikiwa kimeinama, legeza bolti, kipange na ukaze upya. Kikipanda kwa uzito, puliza silikoni kidogo kwenye mfereji wa raba. Usipake grisi, dizeli wala oili ya injini, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha raba na kukusanya vumbi.

14. Rudisha nailoni. Ibonyeze gundi yake kwa kiganja mzunguko mzima bila kuacha mwanya. Sehemu ambazo gundi imekwisha, ongeza ule utepe mweusi. Kama nailoni imechanika vibaya, kata nailoni nene mpya kwa kufuata umbo la ya zamani, pamoja na matundu ya nyaya na kebo, na pale ambapo ukingo wa chini ulikuwa umeingizwa ndani ya mlango, nao mpya uingizwe vivyo hivyo. Selotepu ya kawaida haifai. Joto la ndani ya mlango litaibandua ndani ya wiki chache.

Ni muhimu ujue kwa nini nasisitiza hili. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango wa gari lolote kupitia mwanya wa kioo, na hilo si kosa; yameandaliwa njia ya kutokea kwa chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasipite kuja upande wa abiria. Bila hiyo, masika ya kwanza yatalowesha spika, swichi na hatimaye zulia, na zulia la gari kubwa likilowa kwa chini hukaa na maji muda mrefu, likanuka na kuozesha plagi za nyaya zilizo sakafuni.

15. Zima swichi ya gari, ondoa tena temino hasi na usubiri kama mwanzo. Rudisha kebo, plagi, kisha paneli: ining'inize kwanza kwenye ukingo wa juu, ibonyeze klipu zote, halafu ukaze skrubu. Kabla ya kufunga mlango, jaribu mshiko wa ndani na kufuli mlango ukiwa wazi.

16. Rudisha betri na ulifundishe dirisha upya, yaani likumbuke tena kioo kinapofikia mwisho. Kwa Toyota nyingi, washa swichi ya gari, milango ikiwa imefungwa, shusha kioo hadi nusu, kisha vuta swichi ya dirisha kwenda juu kikamilifu na uendelee kuishikilia kwa sekunde kadhaa baada ya kioo kufunga. Kama taa ya swichi ilikuwa inamemeta, itaacha. Kisha jaribu kinga ya kubana, yaani ile inayozuia kioo kisimbane mtu, kwa kuweka taulo lililokunjwa kwenye njia ya kioo kinapopanda chenyewe. Kinapaswa kusimama na kurudi chini. Usiijaribu kwa mkono.

Matatizo yanayojitokeza baadaye

*Kioo kinafika juu kisha kinarudi chini chenyewe.* Mara nyingi dirisha halijafundishwa upya. Rudia hatua ya 16. Likiendelea, kinga ya kubana inahisi uzito usio wa kawaida, kwa hiyo angalia kama raba ya mfereji imejikunja au kioo kimeinama.

*Kelele ya punje ndani ya mlango kila unapopita kwenye matuta.* Kuna vipande vilivyobaki, kwa kawaida juu ya nguzo ya chuma inayopita katikati ya mlango, mahali ambapo bomba la kufyonzea halikufika. Hakuna dawa zaidi ya kufungua paneli na kurudia hatua ya 8. Usiache, kwa maana punje hizo huziba matundu ya maji.

*Upepo unavuma ukifika mwendo wa barabara kuu.* Kioo hakijaingia sawasawa kwenye raba ya juu. Fungua bolti, kipandishe hadi juu kabisa, kibonyeze kiingie mahali pake, na ukaze kikiwa katika nafasi hiyo ikiwa matundu ya kazi yanaruhusu. Kagua pia kama raba ya juu ilijeruhiwa na waliovunja. Wengi huingiza bisibisi hapo kwanza.

*Maji yanaingia ndani ya gari.* Mwagia maji kwa bomba juu ya kioo kilichofungwa kwa dakika chache, kisha tazama. Maji yakionekana chini ya paneli, nailoni ina mwanya. Yakionekana juu ya paneli, tatizo ni raba ya kioo.

*Dirisha halina umeme kabisa.* Angalia kama plagi ya swichi imeingia hadi ikalia, kisha fyuzi. Kwa milango ya abiria, angalia pia kama kitufe cha kufungia madirisha kilicho upande wa dereva hakijabonyezwa. Hili huwasumbua watu wengi bila sababu.

*Mlango haufunguki kwa ndani.* Kebo haijakaa kwenye kishikio chake, au zimebadilishana. Usiendeshe gari likiwa hivyo, hasa kama kuna abiria.

*Taa ya mfuko wa hewa inawaka.* Zima gari, ondoa betri, subiri, na ukague plagi zote za mlango na za chini ya kiti, kwa kuwa bomba la kufyonzea huweza kuigonga plagi ya kiti wakati wa usafi. Ikiendelea kuwaka, hapo kazi yako imefika mwisho. Peleka gari kwa fundi umeme mwenye mashine ya kupima, na usikubali mtu akuzimie taa hiyo kwa kuchomoa balbu yake.

Baada ya dirisha kufanya kazi vizuri kwa siku kadhaa, unaweza kuwekewa tinti inayolingana na vioo vingine na inayokubalika kisheria pale unapoishi. Kioo kiachwe kikiwa kimefungwa kwa muda utakaoelekezwa na aliyebandika, ili utando ukauke. Kama vioo vya gari lako vimechorwa namba ya usajili, mpelekee mchoraji na hiki kipya, na umwambie achore namba hiyo kabla ya tinti kubandikwa.